Jinsi ya kuangalia filamu ya kifantasia na watu wa nyumbani ukapata maoni ya kweli, sio "nzuri" tu

Kama ushawahi kuwawekea watu filamu ya maana, ikaisha, ukauliza "haya mmeionaje", ukajibiwa "nzuri" halafu kila mtu akakung'uta kanga yake akenda zake kulala, basi haya nnayoandika ni yako. Mie jambo hili lilinikera muda mrefu. Sie kwetu Kikwajuni, Unguja, Jumamosi moja kila mwezi tunatandika jamvi uani, tunatundika shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, na watu wanakuja, mara kumi, mara ishirini, wazee, vijana, watoto wa jirani. Filamu za mapigano hazina tabu hata kidogo, mana kila mtu anajua cha kusema, stelingi kampiga nani na adui kafa vipi. Tabu inaanza ukiweka zile za kifantasia, zile za mapambo na rangi na maajabu, mtu anapanda juu ya risasi ya mzinga ikiruka, mfalme kichwa kimeachana na kiwiliwili na kila kimoja kina akili yake. Hapo watu wanakosa maneno, na mtu akikosa maneno anasema "nzuri" au anasema "upuuzi mtupu", na yote mawili ukiyakamua hayatoi kitu.

Nimejaribu njia nyingi mpaka nikapata inayofanya kazi. Nitaieleza kwa filamu moja niliyoitumia, ili usipate maneno matupu. Filamu yenyewe ni The Adventures of Baron Munchausen, ya mwaka 1988, kaiongoza Terry Gilliam. Ukitaka chagua nyengine, lakini hii naipenda kwa kazi hii kwa sababu imejaa vitu vya kutizama kupita kiasi na watu hawaafikiani juu yake tangu ilipotoka.

Kwa ufupi tu, usije ukaimaliza stori kabla hujaiona: mji umezingirwa na jeshi la Sultani wa Kituruki, karne ya 18, mizinga inapiga, watu wana njaa, na ndani ya jumba la michezo lililobomoka nusu kuna kikundi cha waigizaji wanacheza visa vya Baron Munchausen. Katikati ya mchezo anaingia mzee mmoja mwenye pua ndefu na upanga anapiga kelele kwamba mnaongopa nyie, Baron ni mimi, na vita hivi vimeanza kwa ajili yangu. Kuanzia hapo anaondoka na kitoto cha kike, Sally, kwenda kuwatafuta watumishi wake wanne wa zamani: mmoja mbio zake zinaishinda risasi, mmoja anaona na kulenga shabaha mpaka upande wa pili wa dunia, mmoja ana nguvu za kubeba hazina nzima mgongoni, mmoja pumzi yake ni kama kaskazi iliyochachamaa. Wanapita mwezini, wanapita ndani ya mlima wa moto wa Etna, wanamezwa na dubwana la samaki. Na Baron huyu alikuwepo kweli, Mjerumani, kazaliwa 1720 na kufa 1797, alipigana katika jeshi la Urusi dhidi ya Waturuki, akarudi kwao akawa anawasimulia wageni mezani visa vya uongo mtamu, mpaka mwaka 1785 Rudolf Erich Raspe akavichapisha kwa Kiingereza.

Haya, tuanze.

Cha mwanzo kabisa, itizame wewe peke yako, yote, na daftari mkononi. Hili usiliruke. Filamu hii inaweza kukudanganya ukadhani ya watoto tu, lakini kuna kipande kule mlimani Etna kwa Vulcan, mungu wa moto wa ngano za Kirumi, mkewe Venus anatoka ndani ya kombe kubwa la baharini hana nguo, na kuna vichwa vinakatwa, na kuna kinanda cha Sultani ambacho badala ya filimbi kina wafungwa ndani wanapiga mayowe. Na puto la kupandia angani limeshonwa kwa nguo za ndani za wanawake wa mji. Mie mwenyewe sioni ubaya wa hilo la puto, watu wanacheka tu, lakini ukikaa na baba mkwe na mama mkwe na watoto wa madrasa jamvi moja lazima ujue dakika ngapi inatokea nini. Kile kipande cha Venus mie nilikiruka, nikawaambia watu wazi kabisa "hapa naruka kidogo", sikujifanya waya umekatika. Mtu akijua umeruka na kwa nini, anaendelea kukuamini.

Na hii ni ya uani kwenu na watu wako. Ukitaka kuweka uwanjani, mtaa mzima uje, hapo ni onyesho la hadharani, nenda BASSFU, yani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, ukaulize taratibu za kibali, na sheha wako mjulishe, na ujue kwamba kuna wenye filamu na wana haki zao.

Pili ni giza. Watu wanaichukulia mchezo hii. Filamu ya maneno unaweza kuitizama taa ikiwaka na mtu anakaanga bajia pembeni, lakini hii ya mapambo nusu ya utamu iko kwenye rangi, ukiiweka kwenye mwanga umeitia maji. Aliyepiga picha ni Giuseppe Rotunno, aliyepamba seti ni Dante Ferretti, mavazi kayafanya Gabriella Pescucci, Wataliana wote watatu, na sehemu kubwa imepigwa Roma kwenye studio za Cinecittà, nyengine Hispania. Watu hawa wamefanya kazi ya mkono, seti zimejengwa kwa mbao, kuna vimodeli, kuna pazia zilizochorwa, kompyuta hazikuwa na uwezo huo wakati ule. Sasa kazi kama ile unaitundikia shuka lenye mikunjo na doa la mchuzi? Lipige pasi shuka. Livute pembe zote nne kwa kamba (zile za kuanikia nguo nazo zinafaa). Zima taa ya ukumbini, mwambie jirani kwa adabu azime ya nje kwa saa mbili. Anza baada ya Isha, filamu ni dakika 126, ukichelewa kuanza watoto watalala kabla ya samaki na hao ndo mashahidi wako wazuri kuliko wote, nitakuja huko.

Waliowahi kukaa Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, wanajua nnachosema, filamu chini ya nyota, upepo wa bahari, watu kimya. Na wazee wetu ndo zaidi, ukiwauliza walivyokuwa wakienda senema Majestic pale Vuga au Cine Afrique kule Malindi, jambo la kwanza wanalokutajia ni nguo walizovaa. Walijipamba kwenda kutizama. Kwaiyo usiwakalishe watu kama wanasubiri daladala. Tandika vizuri, kahawa iwepo, kashata ziwepo, mto wa kuegemea bi mkubwa uwepo.

Tatu, nini cha kusema kabla ya kuanza. Jibu langu, karibu hakuna. Usiwaambie imeshinda nini, usiwaambie waandishi wa Ulaya walisema nini, usiwaambie kwamba wewe unaipenda kufa. Ukishasema unaipenda umemfunga mdomo kila anayekuheshimu, mdogo wako hatokwambia kachoka, na mkweo atasema "mashallah nzuri" kwa ajili yako. Mie nasema kitu kimoja tu, nasimama mbele ya shuka nasema "Paukwa!" na uani mzima wanajibu "Pakawa!" na hapo wameshaelewa kila kitu wanachohitaji kuelewa, kwamba tunaingia kwenye ngano na sio taarifa ya habari. Ukifanya hivi hutoulizwa "sasa mwezini wanapumua vipi". Hatujawahi kuuliza Abunuwasi alipoambiwa ajenge nyumba hewani yule tiara wake mwenye kengele alibeba vipi fundi, tumecheka tukaendelea. Baron ni wa ukoo huo huo, mzee wa fiksi, na mtu wa kwetu anamjua mzee wa fiksi toka barazani kwao.

Nne, lugha, na hapa ndo nlikosea sana mwanzo. Filamu ni ya Kiingereza na nusu ya watu wangu Kiingereza hawakifuati. Nikamweka binamu yangu mmoja hodari wa kutafsiri, mtu wa maneno, akakaa na maiki anatafsiri kila kitu kama wale wa filamu za kutafsiriwa. Watu walicheka sana usiku ule. Lakini nilipokuja kusikiliza maoni, nikakuta yote ni maoni ya binamu yangu. Yeye alimwita Baron "mzee kichaa" basi kila mtu akasema mzee kichaa. Yeye kule mwezini alisema "hapa pamepooza" basi watu kumi wakaniambia mwezini pamepooza. Mtafsiri anaweka rangi yake juu ya picha na hutoiona tena ile ya chini. Sasa nafanya hivi: kila baada ya kipande kikubwa nasimamisha, nusu dakika, namueleza mtu nini kimesemwa, bila kusifu bila kuponda, "Sultani na Baron wamewekeana dau, Baron akishindwa kuleta chupa ya mvinyo kutoka Vienna ndani ya saa moja anakatwa kichwa, akishinda anachukua hazina kiasi anachoweza kubeba mtu mmoja", basi, endelea. Picha inajieleza yenyewe kiasi kikubwa. Yule mtumishi wa mbio amefungwa vyuma miguuni ili asikimbie bila kutaka, anavifungua, anaondoka vumbi linabaki, nani anahitaji tafsiri hapo?

Tano, wakati filamu inakwenda wewe usitizame filamu. Ushaiona. Geuka kidogo utizame watu. Maoni ya kweli yanatoka hapo, yanatoka bila mtu kujua, "lo!", "subhanallah", "hebu hebu", au mtu anasogea mbele ya jamvi, au mtu anatoa simu. Nnaandika kwenye daftari dakika na nani na kasema nini, maneno mawili matatu. Mtu akitoa simu naandika pia, kwa sababu kutoa simu ni maoni. Kwenye filamu hii sehemu ya simu nyingi kwetu ilikuwa mwezini, wanne kwa pamoja, na sehemu ambayo hapana hata mmoja aliyepumua ni pale Baron na Venus wanapocheza dansi hewani, katikati ya chemchem za maji, wanapanda juu taratibu (kipande hicho Venus keshavaa, usihofu).

Ikiisha, usiulize "mmeionaje". Swali hilo ni kama kumuuliza mtu "hali", atakujibu "nzuri" hata kama anaumwa. Waache wanywe kahawa dakika tano, halafu uliza hivi: "Fumba macho. Picha gani inakuja mwanzo?" Basi. Sio ipi nzuri, ipi inakuja. Na anza na watoto, kwa nguvu kabisa anza na watoto, kwa sababu mtu mzima akishasema neno lake mtoto hasemi tena, na mtoto anaona vitu tusivyoviona. Kitoto cha jirani, kina miaka minane, kikanambia picha yake ni Sally, na nikauliza kwa nini, kikasema "kwa sababu wote wanacheza yeye peke yake anataka kurudi nyumbani kuwaokoa." Nimesoma maandishi mengi juu ya filamu hii na sijakuta mtu aliyesema kwa ufupi namna hiyo kwamba kitoto ndo moyo wa filamu.

Baada ya picha, swali la pili: "wapi ulichoka?" Sio "kama ulichoka", mana ukisema "kama" watakataa kwa adabu. Sema wapi. Filamu yoyote ina pahala pa kuchoka, na mtu akipewa ruhusa atakutajia pahala penyewe kwa uhakika. Kaka yangu akasema kachoka pale kati, kwa sababu kila mara ni vilevile, wanafika, wanamkuta mtumishi mmoja, wanafukuzwa, wanadondoka pengine. "Stori inarukaruka kama tetere," kasema. Na hilo ni kosa la kweli la filamu hii, lisemwe, hata tunaoipenda tuliseme. Macho yanashiba lakini kamba ya hadithi inalegea.

La tatu: "inakukumbusha nini?" Hapa ndo utajua watu wako wametoka wapi. Shangazi yangu alipoona wako tumboni mwa samaki akasoma dua ya Nabii Yunus kimyakimya, nilimuona midomo, na alivyoulizwa akasema yeye kipande kile hakukipenda kufanywa mchezo, watu wanacheza karata mle ndani badala ya kuomba. Na wanavyotoka ni kwa ugoro, Baron anafungua kikopo cha ugoro samaki anapiga chafya, babu mmoja wa jirani akacheka mpaka machozi. Kipande kimoja, jamvi moja, mmoja kaumia mmoja kacheka. Usijaribu kuwapatanisha. Andika yote mawili.

Halafu kuna jambo la Sultani. Nakwambia mapema litakuja, jitayarishe. Ami yangu ndo aliyelianza, akasema kwa utaratibu tu: "Kwa nini kila wakitaka mtu mkatili mpumbavu wanamvisha kilemba?" Kijana mmoja akamjibu ami hii fantasia tu, hata wazungu wenyewe humu wanachekwa, yule Jackson mkuu wa mji anayejifanya mtu wa akili na hisabati ni mbaya kuliko Sultani, anamuua askari wake mwenyewe kwa kosa la kuwa shujaa kupita kiasi. Wote wawili wana haki. Kijana kaona sawa, filamu inampiga Jackson kwa nguvu zaidi. Lakini ami naye anazungumza akiwa mtu wa Unguja, sisi Sultani kwetu sio katuni, mpaka 1964 alikuwepo, jumba lake Beit al Ajaib tumekua tunalipita kila siku mpaka lilipoporomoka sehemu Disemba 2020, kuna wenye machungu nae na kuna wenye kumbukumbu nyengine, lakini hapana anayemuona kama mtu wa kuchekesha na kinanda cha mayowe. Visa hivi vilisimuliwa na askari wa upande uliopigana na Waturuki. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini Sultani yuko vile, ingawa kuelewa hakukulazimishi kuridhika. Kazi yako wewe mwenye projekta hapa ni moja, usiliue jambo kwa kusema "jamani ni filamu tu". Neno hilo "ni filamu tu" linafunga midomo ya watu wenye kitu cha kusema, nimelifuta uani kwetu.

Sasa, watu wakishasema yote, hapo ndo unatoa taarifa zako. Sio kabla. Ukitoa mwisho unaona kitu kizuri, unaona nani anabadilisha maoni na nani anabaki nayo.

Mie nliwaambia mambo manne. La kwanza pesa, filamu iligharimu kiasi dola milioni 46 na Marekani ikaingiza kama milioni 8 tu, na sababu moja ni kwamba uongozi wa Columbia, kampuni iliyoitoa, ulibadilika na huko Marekani zilitolewa nakala 117 tu za kuonyeshwa, sasa itaonwa na nani? Kaka yangu akasema basi hata hawakuipa nafasi. Mie nikasema ndo maana usimhukumu mtu kwa soko lake. La pili tuzo, iliteuliwa Oscar nne, zote za macho, mapambo ya seti, mavazi, mekapu na efekti, haikupata, lakini Uingereza ikapata BAFTA tatu, za seti, mavazi na mekapu. Angalia orodha hiyo, hakuna ya stori. Yani mabingwa wamesema kilekile kaka alichosema akiwa amelala ubavu kwenye jamvi.

La tatu ni mwezini. Watu wangu wanne walitoa simu mwezini na shangazi alisema "mji gani huu hauna watu, nyumba zinatembea zenyewe kama makaratasi". Basi nikawaambia mwezini kulipangwa kuwe na umati mkubwa wa watu, pesa zikaisha, wakapunguza, Sean Connery aliyekuwa awe mfalme akajitoa, akaja Robin Williams, na jina lake halikuandikwa, kaandikwa Ray D. Tutto, kwa Kitaliana "re di tutto", mfalme wa kila kitu. Na zile nyumba kweli ni mbao bapa zimechorwa. Hapo shangazi akasema kitu nilichokiandika chini nikakipigia mstari: "Ah, kumbe ni umaskini. Basi wamejitahidi." Kageuka kabisa. Lakini binti yake akasema hapana, mimi nilichokiona ndo nilichokiona, pesa zao hazinihusu, pamepooza. Nani yuko sawa? Mie niko na binti. Unaweza kumuonea huruma fundi lakini kiti kikiwa kinayumba kinayumba.

La nne zito kidogo, na nlifikiri sana kama niliseme. Aliyecheza Sally ni Sarah Polley, alikuwa na miaka minane walipoanza kupiga picha. Alipokuwa mkubwa, akiwa mwenyewe ni muongozaji wa filamu, akaeleza hadharani kwamba milipuko kwenye seti ile ilimtia khofu kubwa, ilimuumiza, na haikutakiwa mtoto awekwe pale. Uani palinyamaza. Yule jirani mama wa kitoto cha miaka minane akakivuta karibu yake. Baadae akasema, "ile picha ya mizinga nilivyoiona nzuri sitoiona nzuri tena". Naamini mtazamaji ana haki ya kujua, na naamini pia uzuri wa picha usiwe kisingizio cha kumtisha mtoto. Ukiona wenye umri mdogo wapo na utawatisha, ngoja wakalale kwanza ndo useme.

Kitu chengine, usifunge maoni usiku ule. Filamu za namna hii zinakomaa zikilala, kama achari. Asubuhi pita barazani, kaa na kahawa yako, usiulize, watu wataanza wenyewe. Pale Jaws Corner, Sokomuhogo, pahala pamepata jina kwa ajili ya filamu ya papa, watu bado wanakaa hapo wanazungumza, siasa zaidi lakini kila kitu kinapita. Kwetu asubuhi ile ndo alozungumza bibi yangu, alikuwa kaja kutoka Wete, Pemba, kututembelea, usiku mzima hakusema neno, nlidhani kalala. Akasema, "Yule mzee nimemuangalia uso. Akipata safari anakuwa kijana. Akikaa bure anazeeka. Na yule wa mabawa anayemfuata anamvizia akikaa bure." Nikarudia filamu peke yangu kuhakikisha na ni kweli kabisa, mekapu ya John Neville, aliyecheza Baron, inabadilika toka kipande hadi kipande, Baron anazeeka na kurudi ujana kwa kadiri anavyoaminiwa, na Malaika wa Mauti yule wa mifupa anatokea kila nguvu zikimwishia. Mie nimeitizama mara nne sikuiona. Bibi hajui Kiingereza hata neno moja, ndo maana alikuwa anaangalia nyuso.

Kama unataka kuyaandika ukayaweka mtandaoni, fanya hivi. Omba ruhusa, na usitaje majina, sema shangazi, sema jirani, watu wanaongea uani kwako sio mbele ya dunia. Kama umewarekodi vois kwenye simu sikiliza upya uandike maneno yao yalivyo, usiyapige pasi, "imepooza" usiigeuze "inakosa mvuto". Anza na picha moja, halafu kasoro moja uloiona kweli na pahala pake, halafu nani aiangalie na nani asiiangalie. Usitoe alama kumi kwa kumi, alama haimwambii mtu kitu. Mwisho wa stori usiuseme, na kwa filamu hii usiuseme kabisa kabisa. Mfano wangu ulikuwa hivi:

"Tumeiona uani na watu kumi na sita. Picha iliyobaki ni mzee na Venus wanacheza dansi hewani maji yanaruka pembeni yao. Rangi zake hujawahi kuziona. Hadithi inachosha kati, mwezini pamepooza, na Sultani ametendewa vibaya, ami yangu hakuridhika na mie namuunga mkono. Wenye watoto waitizame kwanza wenyewe. Bi mkubwa mmoja wa Pemba anasema utizame uso wa mzee, usitizame kengine."

Hayo tu. Watu wakajibu wengi kuliko siku zote nlizoandika "filamu kali sana isikupite".

Na namba yako ya simu iache wazi. Wiki mbili baada ya bibi kurudi Wete nikapata vois, sekunde kumi, kuku wanalia nyuma, hajasalimia hata: "Mjukuu wangu, hebu nambie, yule mzee alikufa au hakufa?" Nikamwambia bibi, wewe umeonaje. Kanyamaza kidogo, nasikia anasuka ukili. "Mie nimeona kaondoka na farasi wake," kasema, "lakini nipigie kesho nikwambie vizuri."